Kamba ya nguo iliyookoa mowa yangu

Nikimsikia tena mtu akiniambia nichanganye oili na petroli kwenye mowa, mashine yangu ya kukata majani, nitamkabidhi fyekeo amalizie kompaundi kwa mkono. Hapa Tororo karibu kila aliyewahi kufungua plagi anao ushauri huo, na najua unakotoka. Watu wamezoea zile mashine za kuning'iniza begani, zenye injini ya mipigo miwili. Zile hazina mahali pa kuweka oili, kwa hiyo lazima uichanganye kwenye petroli. Mowa ya kusukuma ina injini ya mipigo minne. Oili yake inakaa peke yake chini ndani ya injini, na ina kijiti cha kuipimia kama gari. Ukiichanganyia utapata moshi, plagi nyeusi tititi na malalamiko ya majirani. Inanywa petroli tupu, basi.

Yangu ina injini ya Briggs & Stratton, wale Wamarekani wa Milwaukee walioanza mwaka 1908. Bodi yake ni ya chuma, imepakwa rangi mara nyingi kuliko nyumba yangu. Naitumia kwenye kompaundi ya gesti ninayoitunza na kwangu pia. Majani ni pasipalamu, na anayelijua pasipalamu anajua kwamba mvua za Machi hadi Mei zikishika, ukiliacha kidogo tu umepata shamba. Oili namwaga kila baada ya saa 50 hivi za kazi, injini ikiwa na joto, kisha naweka oili ya SAE 30, zaidi kidogo ya nusu lita. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi ni kisiki cha mpera. Kijana anayenisaidia alipita juu yake bila kukiona, mashine ikalia paa! ikazima papo hapo. Tangu hapo ukivuta kamba inakurudishia teke, mshikio unakuponyoka na vidole vinabaki kuwaka moto. Mara mojamoja ilikohoa kupitia kabureta, ikanyamaza.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi wa boda wa stendi yetu, kijana mzuri lakini mwepesi wa kuhukumu. "Mzee, hii ni kabureta," akasema kabla hata hajainama. Akaifungua, akaipuliza, akairudisha. Teke. "Basi ni plagi." Tukanunua plagi, elfu kumi na kitu. Teke lilelile, safari hii kwenye vidole vyake, nami sikuhuzunika sana. Jirani yangu, afande mstaafu, akapita akatangaza kwamba petroli ina maji. Mwishowe fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Mzee, pistoni imekwisha. Uza chuma."

Mimi sikusomea ufundi, lakini hesabu hiyo ilinikataa. Cheche ipo, nimeiona kwa macho, ya buluu. Petroli ipo, plagi inatoka imelowa. Mgandamizo upo, la sivyo teke lile lingetoka wapi? Kilichobaki ni wakati: cheche inatoka, ila si pale inapotakiwa. Na anayepanga wakati huo ni flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku lililo juu ya injini, chini ya kifuniko cha kamba. Sumaku ikipita mbele ya koili, ile inayotoa umeme wa cheche, plagi inawaka. Flaiwili inapangwa mahali pake kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni na kubeba kisu kwa chini, na kii moja, kipande kidogo cha kuzifunga pamoja, haifiki hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Sasa kisu kikigonga kisiki, krenki inasimama ghafla, flaiwili kwa uzito wake inataka kuendelea. Kinacholipa ni kii.

Kuifikia ndiyo kazi. Nati ya flaiwili imekazwa hasa, na ukiivuta kwa spana, injini nzima inazunguka nayo. Fundi akasema tuzuie kisu kwa gogo. Kisu kikateleza, gogo likaruka likapasua beseni la mama watoto, na maneno tuliyoyasikia siku hiyo hayaandikiki. Akasema basi tuchomeke bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili. Nikamwambia, kijana, kaa kivulini unywe chai. Mapezi yale huvunjika kirahisi, na ndiyo yanayopuliza upepo wa kupoza injini.

Nikaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikakata kipande cha kama mita moja, laini, kisichonyofoka nyuzi. Nikatoa plagi, nikaziba tundu kwa kidole gumba huku nikizungusha injini polepole mpaka hewa ikanisukuma kidole. Maana yake valvu zote mbili zimefungwa, na hilo ni muhimu, usije ukaipinda valvu. Nikaipitisha pistoni kileleni, ikaanza kushuka kidogo, nikashindilia kamba ndani kupitia tundu la plagi, ncha nikaiacha nje. (Ikizama yote, umejitafutia msiba.) Halafu nikazungusha kurudi nyuma, upande uleule wa kufungulia nati, mpaka pistoni ikaibana kamba. Injini ikatulia tuli. Spana, bomba la kurefushia mpini, pigo moja, nati ikalegea. Fundi akaacha chai akasogea.

Flaiwili ilikuwa imeng'ang'ania. Nikairudisha nati hadi usawa wa ncha ya krenki ili nyuzi zisiharibike, nikainyanyua flaiwili kidogo kwa bisibisi chini yake, nikaweka kibao cha mvule juu ya nati, nikagonga. Ikaachia. Na kii ile hapo: imekatika nusu, imesogea pembeni kama milimita mbili. Milimita mbili tu, na mtu keshanishauri niuze chuma!

Sasa sikiliza ushauri wa fundi uliofuata. "Mzee, hii ndogo. Tunachonga nyingine ya msumari, hiyo haikatiki tena." Hapo nilikaribia kumnyang'anya kikombe. Kii ya injini hii ni ya alumini laini kwa makusudi, ikatike yenyewe kabla ya vitu vya bei kubwa. Weka ya msumari, na kisiki kijacho kitakula krenki au flaiwili. Ukipiga hesabu ya krenki na kazi ya kuibadilisha, umekaribia bei ya mowa nyingine.

Nilipiga picha ya kii pamoja na namba za injini, nikamtumia mdogo wangu aliye Kampala. Akazunguka Kisekka, soko la vipuri, hadi akaipata, akaituma kwa basi. Bei yake ilikuwa kama ya soda mbili tatu, boda alizopanda kuitafuta zilizidi. Kabla ya kuifunga nikafuta pale flaiwili inapokaa pakauka kabisa, bila tone la grisi. Kukaza nati, kamba ileile, ila pistoni inaibana kwa kuzungushwa upande wa pili.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenishauri: krenki kupinda. Waya wa plagi ukiwa umechomolewa (usiguse kisu bila kuuchomoa, hata siku moja), nilisimamisha kijiti ukingoni mwa bodi nikazungusha kisu taratibu. Ncha zote mbili zikagusa alama moja. Zingepishana, ningemwita mwenye mizani ya chuma chakavu. Nikarudisha kila kitu, nikavuta. Ikawaka, haina teke. Afande akasema alijua tangu mwanzo maji yangekauka.

Kisu chenyewe kilikuwa na pengo la kisiki, nikakinoa kwa tupa, kisha nikakitundika kwa tundu lake la katikati kwenye msumari ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze tena mpaka kilale sawa. Kisiposawazika mashine itatetemeka mpaka boliti zijifungue. Na ukiilaza mowa, chujio la hewa liwe juu. Jirani wa upande wa pili alilaza yake kinyume, oili ikaingia kwenye chujio, akaiwasha, nasi tukadhani anachoma takataka. Chujio lenyewe nalikung'uta mara kwa mara kwa sababu ya vumbi la malori ya barabara ya Malaba. La karatasi lisioshwe, la sponji unaosha kwa sabuni, likikauka unalipaka oili kidogo na kulikamua.

Kuanzia Desemba jua likikaza majani hayakui, basi naiacha mashine iunguze petroli yote hadi izime yenyewe. Petroli ikilala miezi inaacha gundi kwenye tundu la kabureta. Likiziba, uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli unalizibua, taratibu, usilipanue.

Juzi fundi wa boda alikuja na jenereta ya mteja, ukivuta kamba inapiga teke. Hakutaja kabureta. Aliuliza kama ile kamba bado ninayo. Nimemwazima kamba, spana akanunue yake.