Soda iliyoisha gesi

Leo nimeumbuka mbele ya darasa la tano, na kuumbuka kwenyewe ndiko kulikonifundishia kipindi.

Nilikuwa nimeufinyanga Mlima Meru, volkano yetu ya hapa Arusha, kwa udongo wa bustanini, ndani nimefukia chupa ya soda. Wa nyuma wamesimama juu ya madawati, wa mbele wameziba masikio. Nikatikisa, nikafungua. Kimya. Kumbe jana usiku mtu wa nyumbani kwangu (namjua, na yeye anajijua) aliifungua akanywa kidogo, akafunika. Gesi yote imekwenda.

"Madam, mlima umelala," akasema mmoja. Kweli, Meru umelala. Mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, tena kidogo tu.

Nikaagiza soda nyingine dukani. Hiyo ilirusha povu mpaka ubaoni. Sukari ileile, maji yaleyale, kilichozidi ni gesi. Sikuwa na haja ya kueleza mengi kuhusu kinachousukuma mwamba ulioyeyuka ukikaribia juu.

Kisha ndoo ya maji na mawe mawili ya volkano: jeusi, zito, la kuokota korongoni, na lile la kijivu la kusugulia visigino tunalonunua sokoni. Karibu wote walisema yatazama. Jeusi likaenda chini. La kijivu likaelea, likizunguka taratibu kama andazi kwenye chai. Binti mmoja akalizamisha kwa kidole mara tatu, mara tatu likarudi. Akalichungulia.

"Lina matundu kama mkate."

"Si ndiyo ile gesi!" mwenzake akanitangulia.

Halafu likaja swali ambalo sikuliandaa: "Madam, na meno yetu?" Darasa likacheka midomo imefumbwa, kama wengi tunavyocheka huku Arusha. Mimi nilikua nikiambiwa sipigi mswaki. Nikawaeleza kwamba maji yetu hupita kwenye miamba na majivu ya volkano, yakayeyusha floraidi, aina ya madini. Ikizidi mwilini wakati meno ya mtoto yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia. Mswaki hauna kosa.

Nikafunua midomo wayaone yangu. Wakasogea mmojammoja, hakuna aliyecheka. Yule binti akaleta jiwe lake, bado linachuruzika maji, akalishika karibu na mdomo wangu alinganishe rangi.