Lufufu wa sebuleni

Mvua za wiki hii zimenifungia ndani na Mama, kwa hiyo tumekuwa watu wa sinema. Laptopu juu ya stuli, kispika pembeni, yeye kwenye kochi na khanga miguuni, mimi chini kwenye mkeka. Shida ni kwamba miwani yake haiyamudu maandishi ya chini, tena yanapita mbio. Basi kazi ya kutafsiri imeniangukia mimi.

Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya Dar, wanamjua Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili kwenye picha za nje, akieleza, akichomekea na yake, mpaka unasahau kwamba wale watu wanaongea lugha nyingine. Mimi siyo Lufufu. Nakwama, naruka maneno, na Mama ananidaka: "Huyu kaongea yote hayo, wewe umesema mawili tu?"

Oppenheimer ilinishinda. Saa tatu nzima! Nilijikongoja hadi kwenye jaribio la bomu kule jangwa la New Mexico, Julai 1945. Mwanga ukajaa kioo, sauti hakuna, na Mama akaniambia nikaangalie kispika, chaji imekwisha. Mlipuko ulipofika alishtuka hadi khanga ikadondoka. Baada ya hapo ni wazee wa suti wanahojiana, na mimi mwenyewe nilishapoteza nani anamchongea nani. Mama akalala. Sikumwamsha. Ni picha kubwa, sikatai, lakini ukitakiwa kumsimulia mtu kwa mdomo ndiyo unagundua ni kiasi gani ulikuwa unatikisa kichwa tu.

Jumanne nikaweka Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, ya Vittorio De Sica, 1948. "Haina hata rangi?" Mama akaguna. Antonio amepata kazi ya kubandika mabango mitaani Roma, sharti awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayakunja. Nilifungua mdomo nieleze, Mama akaniwahi: "Anakwenda kuyaweka rehani." Halafu yule karani wa rehani anabeba furushi lao, anapanda shelfu, anapanda tena, na kumbe huko juu yamejaa mashuka ya watu wengine hadi darini. Hakuna anayesema kitu. Nami nilinyamaza.

Hapo katikati akaingia kijana wa jirani, yule wa bodaboda ya mkataba, amekimbia mvua. Akasimama mlangoni na koti linachuruzika.

"Shikamoo mama. Wanatafuta nini hao?"

"Marahaba. Baiskeli."

"Baiskeli tu?"

Lakini hakuondoka. Baada ya muda nikamsikia anasema kama anajisemea, "Ikiibiwa ya bosi ndiyo hivyo hivyo. Hesabu ya jioni inakusubiri." Aliyecheza kama Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji, na nadhani inaonekana kwenye anavyobeba ngazi: haibebi kwa mbwembwe. Mwisho baba anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa, na mtoto anaona. "Mbele ya mtoto, Mungu wangu," Mama akasema. Usiku ule sidhani kama nilitafsiri sentensi ishirini.

Parasite ya Bong Joon-ho ilitaka maneno zaidi, ila Mama alicheka sana na ule uchawi wa vinyweleo vya ganda la pichi. Kisha mvua ikaanza, kule Korea na huku kwetu. Ile familia inashuka ngazi baada ya ngazi, maji yanashuka nao, na wakifika chumba chao cha chini kimeshajaa. Binti amekalia mfuniko wa choo kinachotapika, anawasha sigara. Mama aliwahi kuishi Jangwani, kule bondeni Dar kunakofurika. Alisema tu, "Sisi godoro tulilipandisha juu ya kabati." Asubuhi yake yule mama tajiri, mwajiri wao, yuko kwenye gari, anaisifia mvua kwenye simu, imesafisha hewa. Mama akanitaka nirudie. Nikarudia. Akasonya. Visu vya mwisho, kwa kweli, vilinipotezea ladha. Mimi ningebaki na ile mvua.

Kwenye Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, nilikosa kazi. Kiswahili chenyewe kile, tena cha Unguja. Nikaanza ubishi: kitabu cha Adam Shafi nilikisoma kidato cha tano, na Denge wangu, shujaa wa kitabu, ana maneno, huyu wa kwenye picha anatazama zaidi. Vichochoro na vivuli vimepigwa vizuri mno, lakini nilimkosa yule mbishi. Mama hakuwa na habari. Alikuwa na Mwajuma, aliyechezwa na Siti Amina, anaimba, na akaninyamazisha kwa mkono.

Jana ilikuwa zamu yake kuchagua. Sholay, 1975. Kihindi chake ni cha majumba ya sinema ya Avalon na Empire, enzi za kujipanga foleni mjini, na hapo ndipo tulipobadilishana vyeo. Akatafsiri kuliko Lufufu mwenyewe: adui Gabbar anauliza walikuwa watu wangapi, Mama anauliza naye, kwa sauti nzito ileile. Jai, mmoja wa mastelingi wawili, akirusha sarafu Mama ananikonyeza, kwa kuwa anajua pande zake zote mbili zinafanana na mimi sitakiwi kujua bado.

Jai alipopigwa risasi, tafsiri ikakatika. Anaongea na mwenzake, anaongea sana kwa mtu anayekufa, na Mama kimya.

"Anasemaje?"

"Subiri."

Nikasubiri. Alikuwa ameshika ncha ya khanga machoni.

"Mama, stelingi anakufaje?"

"Nimekwambia subiri, bado anaongea."