Harufu ya mwani kutoka mbali

Mama yangu analima mwani Jambiani tangu mie sijaanza skuli, na harufu ya mwani ndiyo harufu ya utoto wangu. Si ule uliomo majini. Ni huu ulioanikwa, siku ya pili, umeanza kusinyaa na chumvi imechomoza juu yake kama unga. Harufu hiyo huingia kwenye kanga, na hata ukifua mara mbili haitoki yote.

Ndiyo maana habari ya Aprili 2025 ilinishika moyo. Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walisema darubini ya anga ya James Webb imeona dalili za gesi ya dimethaili salfaidi katika hewa ya K2-18b, sayari ya nyota nyingine ambayo wao wanadhani ina bahari. Hapa duniani gesi hiyo hutoka zaidi kwa vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, na mwani nao umo. Ni sehemu ya ile harufu ya pwani.

Jumamosi ya bamvua nikamkuta mama ufukweni anafungua mwani kwenye kamba, nikamsimulia.

"Wamefika huko?"

"Hawajafika, mama. Mwanga wenyewe unachukua miaka 124."

"Sasa harufu wameisikiaje?"

Nikanyanyua ncha ya kanga yake juani. Mwanga uliopenya ukaanguka mchangani umeshageuka wekundu. Nikamwambia kanga imekula rangi nyingine, imebakisha hii. Sayari ile hupita mbele ya nyota yake kila siku 33, na mwanga kidogo wa nyota hupenya kwenye hewa iliyo ukingoni mwake. Kila gesi hula rangi zake, na darubini hupima zilizopungua. Mwanga waliopima uliondoka huko karibu 1900, Sultani Hamoud bin Mohammed bado yuko kitini hapa Unguja.

Mama akaitazama kanga yake tena, upande na upande.

Walioandika "uhai umepatikana" waliniudhi, kwa sababu waliopima wenyewe hawakusema hivyo. Uwezekano wa alama ile kutokea kwa bahati tu ulikuwa kama 3 katika 1,000, na wanasayansi wanataka ushuke chini ya 1 katika milioni. Wengine wamezichambua takwimu zilezile kwa njia zao, ushahidi wa nguvu hawakuuona. Tena gesi hiyo imekutwa hata kwenye nyota yenye mkia, mahali pasipo kiumbe. Sisi mwezi wa Idi tunautakia mashahidi, na shahidi huulizwa kauona upande gani, pembe zake zimeelekea wapi. Sioni kwa nini bahari ya mbali namna hiyo ikubaliwe kwa ushahidi mwepesi zaidi. Gesi za methani na kaboni dayoksaidi katika hewa ya sayari ile zilitangazwa 2023, na methani haina ubishi mkubwa. Hilo peke yake, kwa sayari yenye uzito zaidi ya mara 8 ya dunia yetu, mie naliona jambo kubwa.

Usiku mwezi haukuwepo. Nikamwonyesha mama buruji ya Asadi, nikamwambia ni upande ule, ila nyota yenyewe haionekani kwa macho. Alitazama kitambo, vidole vyake vikiendelea kuzichambua kamba za kesho.

"Na huko maji yanakupwa?"

Nikamwambia hata hiyo bahari yenyewe bado wanabishana kama ipo.