Mtoto kapangiwa mkopo, lakini hela bado

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, na kila mwezi mshahara wangu unakatwa 15% kwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kulipa mkopo niliosomea. Basi binti wa kaka yangu alipomaliza kidato cha sita kule Kondoa, ukoo mzima ukaamua kwamba mtaalamu wa mikopo ni mimi. Kukatwa nakujua. Kupewa kwa utaratibu wa sasa ilibidi nijifunze upya, maana sisi tulikuwa tunapanga foleni na kusaini boom, yaani hela ya kujikimu ya mwanafunzi, kwa kalamu.

Maombi yenyewe hayakutusumbua sana. Cheti cha kuzaliwa kilihakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, tukalipia 30,000 ya maombi, fomu ikasainiwa na uongozi wa kijiji, wakili akagonga muhuri, kijana wa steshenari akaskani kurasa na kuzipandisha kwenye mfumo.

Jina lilitoka awamu ya pili ya orodha za waliopangiwa mkopo. Mtoto aliona kwenye SIPA, akaunti yake ya mtandaoni ya Bodi, akampigia baba yake kabla ya kunipigia mimi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kaka akanipigia usiku, sauti ya sherehe: "Dada, serikali imembeba mtoto. Ile hela ya alizeti niliyoweka kwa ajili ya chuo naiingiza kwenye trekta, mvua hazisubiri."

Simlaumu. Vyuo vinafunguliwa Oktoba kuelekea Novemba, na huku kwetu huo ndio wakati wa kuandaa shamba. Mkulima akisikia "amepangiwa" halafu aone wingu, atafanya nini?

Nilimwambia aniachie siku kadhaa. Kesho yake nikamwomba mtoto anitumie picha ya ule ukurasa wa SIPA, nikakaa nao mezani. Fedha ya chakula na malazi alikuwa amepewa, 10,000 kwa siku. Vitabu na viandikwa vilikuwemo, mafunzo kwa vitendo pia. Ada ndiyo ilikuwa nusu na kidogo: chuo kinataka 1,300,000, yeye kapangiwa 700,000. Kwa hiyo hata kila kitu kikienda sawa, 600,000 ilikuwa ya familia, ukiacha mbali kitambulisho, bima, michango ya serikali ya wanafunzi na ile 20,000 ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Bodi inapima uwezo wa kaya na kugawa kulingana na fedha iliyopo. Kupata mkopo si lazima iwe kupata wote.

Hayo ni mahesabu tu, kaka angeyaelewa. Kigumu kilikuwa kumweleza kwamba hata zile zilizoandikwa hazijawa zake.

Nilikwenda na mtoto kwa afisa mikopo wa chuo, mama mmoja mpole aliyeonekana amelieleza jambo hilo mpaka limemkauka mdomoni. Alituambia mkopo umepangwa kwa mtu aliyedahiliwa, lakini unalipwa kwa mtu aliyesajiliwa. Kama umechaguliwa vyuo viwili lazima uthibitishe kimoja kupitia utaratibu wa TCU, na mkopo unafuata ulikothibitisha. Ukishafika, usajiliwe, chuo kiitaarifu Bodi kwamba huyu yupo kweli, akaunti ya benki isomeke majina yaleyale ya kwenye vyeti, kisha usaini mwenyewe kwa alama ya kidole. Usiposaini kwa wakati fedha inarudi Bodi. Ukiahirisha masomo, malipo yanasimama. Na mwaka wa pili haupati kwa sababu ulipata wa kwanza: wanasubiri matokeo yaonyeshe umevuka.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa: asajiliwe vipi bila ada, na ada ipatikane vipi bila kusajiliwa? Akacheka kidogo. Akasema ile 700,000 chuo hakimdai mtoto, kwa kuwa inatoka Bodi moja kwa moja kuja chuoni. Kinachomzuia mlangoni ni sehemu ya familia, na hata hiyo inaweza kugawanywa, nusu muhula huu na nusu muhula ujao. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia mzazi yeyote, kabla hata ya pongezi. Fedha ya familia ndiyo inayofungua mlango wa fedha ya serikali. Ukiipeleka shambani, umeyaacha yote nje.

Jioni nilimpigia kaka. Sikumweleza mifumo. Nilimwambia, "Kaka, ni kama mahari iliyotajwa, mpaka itolewe, bibi harusi bado yuko kwao." Akanyamaza, kisha akauliza kwa unyonge, "Sasa trekta?" Tukapatana. Alilima ekari chache kuliko alivyopanga, akatuma 200,000. Mimi nikakopa 100,000 kwenye kikoba chetu cha walimu. Nusu ya sehemu yetu, ile ya muhula wa kwanza, ikatimia, mtoto akasajiliwa.

Boom halikuja siku ileile. Wenzake wengine walishasaini, yeye jina halijatokea. Alikuja kwangu Ipagala akiwa amenuna, ameshaamini kwamba amefutwa. Nilimrudisha kwa afisa mikopo badala ya kumwacha akae na tetesi za hosteli. Kumbe taarifa za usajili zinapelekwa kwa mafungu, na yeye alisajiliwa mwishoni. Wiki hizo alikula kwangu. Wanaotuma watoto Dodoma wajue hilo pia: mwanafunzi mwenye mkopo anahitaji hela ya kula mpaka mkopo ufike, na pango la hosteli halingoji.

Dirisha la rufaa lilipofunguliwa tulijaza. Wifi yangu ana ulemavu wa mguu, na fomu ya kuthibitisha hilo kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya ilikuwa imechelewa kusainiwa wakati wa maombi ya awali. Safari hii tuliiambatisha. Jibu likaja na nyongeza kwenye ada, si kubwa. Mtoto alitaka kumpigia baba yake palepale. Nikamwambia asubiri. Kaka aliambiwa baadaye, nilipoona kwa macho yangu kwenye taarifa ya ada ya chuo kwamba deni limeshuka.