Abiria wa Upande wa Kushoto

Ukishuka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, Bonde la Ufa lote liko kushoto kwako. Magari yetu usukani uko kulia. Maana yake ni kwamba dereva anabaki na ukuta wa mlima na sehemu ya nyuma ya lori lililo mbele yake, na bonde linakuwa la abiria. Nimeishi Nairobi miaka yangu yote na sikuwahi kuliwaza jambo hilo mpaka Jumamosi moja ya Juni, nilipompakia baba yangu kwenye kigari changu.

Baba aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka 23. Mteremko wa Mai Mahiu ameushuka mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani, na hilo analisema mwenyewe, mama akiwa amekaa papo hapo. Mwaka huu alitolewa mtoto wa jicho, kwanza jicho la kulia kisha la kushoto, na tangu siku hiyo hatupumui. Anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti. Anatuambia rangi ya kuta zetu si ile aliyokuwa akidhani. Kwa hiyo shangazi alipopiga simu kutoka Njabini, huko Kinangop, kusema viazi vimekomaa tukachukue gunia, niliamua tusiende kwa njia fupi. Tungeshuka Mai Mahiu, tufike Naivasha, tupande Kinangop kwa njia ya Karati, halafu turudi nyumbani kwa njia ya juu, ya Flyover na Kimende.

"Petroli ni yako, mama," akasema. Nimepewa jina la mamake, kama ilivyo desturi kwetu, basi huniita mama hata anaponigombeza.

Tulitoka Kinoo saa kumi na mbili na nusu. Kufika Limuru, ukungu ulikuwa umelala juu ya lami kama mtu mgonjwa, na taa za magari yaliyotoka upande wa pili zilikuwa vidoa tu. Nilianza kujilaumu. Juni ndio mwezi wa baridi kwetu, na anayetafuta mandhari angesubiri Januari, anga ikiwa imeoshwa. Baba hakuonekana kujali. "Ukungu huu ni wa juu," akasema. "Haujui kushuka."

Alikuwa sahihi. Tulipoanza mteremko, kona ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili kijivu, na kwenye ya tatu tukatokea chini ya wingu kama watu wanaoinama kupita chini ya kamba ya nguo. Bonde likawa pale lote. Mvua za Mei zilikuwa zimeliacha kijani hadi mbali kabisa ambako kijani hugeuka bluu. Longonot ulisimama katikati, mdomo wake umepasuka-pasuka, na upande wa kusini Suswa ulikuwa umejilaza mpana, mtu asingedhani nao ni mlima wa volkano. Nyuma ya yote kulikuwa na mstari wa Mau.

Haya niliyaona kwa vipande vya sekunde moja moja, maana mbele yangu palikuwa na lori la kontena likishuka mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yangu matatu ya Narok iliyotaka kunipita kwenye kona. Ndipo pua ya baba ikaamka kabla ya macho yake.

"Hiyo ni harufu ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekanyaga breki tangu tulipoanza kushuka. Akaniambia kile ambacho nadhani amewaambia matingo, wasaidizi wa lori, wote aliowahi kuwafundisha kazi: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Unakanyaga na mguu unazama kama kwenye matope. Injini ndiyo ishike gari, breki iguswe na kuachwa. Nikamwambia langu ni la otomatiki. "Hata la otomatiki lina namba mbili, mama. Hukuliona?" Nikavuta mpaka kwenye 2. Injini ikapiga kelele kama cherehani, gari likatulia, na kuanzia hapo nikaanza kupata sekunde mbili mbili za bonde badala ya moja.

Tukasimama kwenye moja ya vile vibanda vya mbao vilivyoning'inia ukingoni, vyenye ngozi za kondoo, kofia za manyoya na mashuka mekundu. Baba hakushuka mara moja. Alikaa na mlango wazi, mguu mmoja nje. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei, "Huo mlima ulikuwa na shimo siku zote?"

Longonot una urefu wa mita 2,776, na kasoko yake inaonekana na kila mtu anayepita na macho yake. Miaka 23! Nikamwuliza, kweli hukuwahi kuliona? Akasema wakati wa kwenda alikuwa na tani za mizigo ya watu mgongoni na kazi yake ilikuwa kuangalia kipimo cha hewa ya breki, lori la mbele na miguu yake. Wakati wa kurudi, bonde likiwa sasa upande wake wa kulia, mara nyingi walipanda usiku. Alichokuwa akikijua ni taa za Mai Mahiu. Na madishi. Akanionyesha kule chini yale madishi meupe ya kituo cha satelaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970. Hayo aliyakumbuka, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa likigonga moja na kummulika machoni kwenye kona fulani.

Pimbi wawili walitoka kwenye mawe na kutukodolea macho wakitarajia chakula. Muuza kofia naye alitarajia chake. Baba alinunua kofia ya manyoya ambayo, kwa maoni yangu, inamfanya aonekane kama mtu aliyebebwa na kondoo. Sikumwambia.

Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa vita, Wataliano waliokamatwa na Waingereza Ethiopia na Somalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Karibu na mwisho wa mteremko waliacha kanisa dogo la Kikatoliki, la mwaka 1942, dogo kiasi kwamba ukipepesa macho umelipita. Baba alikuwa akilipigia honi moja kila safari. Kuingia, hajawahi, trela huegeshi pale. Safari hii tuliingia. Alivua kofia yake ya kondoo, akasimama kidogo, akatazama dari, akatoka.

"Walijenga barabara," akasema, "wakaiona, halafu wakajenga mahali pa kuiombea."

Mai Mahiu kwa Kikuyu ni maji moto. Tulikunywa chai pale pamoja na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Kabla ya kuondoka, baba aliutazama mlima upande wa Kijabe kwa muda mrefu. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka kutoka huko na kuwakuta watu wamelala, makumi walikufa. Mbele kidogo njia inaachana, kushoto Narok, na huko ndiko ardhi ilipofunguka ufa Machi 2018, wakati wa mvua kubwa, ukaikata barabara. Nilimweleza baba kwamba bonde hili lote ni ardhi inayovutwa pande mbili polepole, sakafu ikizama katikati. Akasema hilo linaeleza kwa nini lami ya huku haikai.

Kipande cha kwenda Naivasha sitakisimulia. Ni kizuri, unapita chini ya Longonot, wakati mwingine pundamilia wako kando ya barabara, lakini kila mtu amekipita akienda kula samaki na kupiga picha.

Nataka kusema habari za Karati, kwa sababu wenzangu wa Nairobi hawaijui. Wao wakitaka mlima hushuka Magadi kupitia Kiserian, pale Corner Baridi ambapo nyanda za chini zinakufungukia ghafla, na siwalaumu. Waliobahatika kufika mbali watakuambia hakuna kama Iten hadi Kabarnet: unashuka kwa Tambach, unavuka mto Kerio kwenye joto, unapanda tena milima ya Tugen, na masikio yanaziba mara mbili. Hiyo nayo nimeipita na sina neno baya. Lakini njia ya kutoka Naivasha kupanda Kinangop ina ujanja wake. Mandhari yote iko nyuma yako. Mbele ni ukuta wa kijani, kona, punda na mkokoteni wa maji, watoto wanaochunga kondoo watatu. Ukitazama kioo cha nyuma ndipo unaliona ziwa, limeketi kwenye kile kioo kidogo kama picha ya pasipoti.

Nikaegesha mahali palipokuwa na nafasi, tukashuka, tukageuka. Ziwa Naivasha lilikuwa limefifia rangi, kama bati kuukuu, na pembeni yake mabanda ya maua yaling'aa kwa plastiki yake hadi baba akadhani ni ziwa la pili. Eburru upande mmoja, Longonot upande mwingine, sasa ukitupa mgongo. Baba alitafuta kwa kidole barabara tuliyotoka nayo, ule mteremko wa asubuhi, na alipoupata, uzi mwembamba juu ya ukuta wa mlima, alisimama nao muda mrefu. Malori yalikuwa mbali mno kuonekana kwa macho yangu. Yeye akasema anayaona. Huenda ni kweli, mwaka huu ana macho mapya.

Juu ni nchi nyingine. Kinangop ni uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,400, baridi, tambarare, viazi na kabichi na ng'ombe wa maziwa hadi chini ya milima ya Nyandarua, yaani Aberdare. Zamani yalikuwa mashamba ya walowezi, na wakati wa uhuru yaligawanywa kwa wananchi. Ndivyo familia ya mume wa shangazi ilivyofika. Tulipita mji unaoitwa Engineer, na baba akalisoma jina lake kwa sauti kila lilipotokea kwenye bango: Engineer Hotel, Engineer Butchery, kinyozi wa Engineer. Mashariki, kilele cha Kinangop, mita 3,906, kilikuwa ndani ya wingu, kikatoka kwa dakika kama tano, kikarudi. Satima ndio mrefu zaidi katika safu hii, mita 4,001, ila ule uko mbali kaskazini na siku hiyo hatukuuona.

Kwa shangazi tulikula viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya maboga, tukanywa maziwa, tukabishana kuhusu kofia. Shangazi aliipenda. Gunia liliingia nyuma, gari likainama kama mtu aliyepewa habari mbaya, na kufikia saa kumi tulikuwa njiani.

Flyover tuliingia barabara kuu ya kurudi Nairobi. Hapo baba akaniomba nisimame. Akafungua mlango wake, akazunguka gari, akaingia nyuma yangu, kulia, gunia likiwa limemsukuma magoti.

"Unaenda wapi?"

"Sasa bonde liko huku."

Ni kweli. Njia hii ya juu, ukirudi mjini, bonde linakaa upande wa dereva. Basi nikaendesha na mzee wa kofia ya kondoo nyuma yangu kama mbunge. Soko Mjinga tulisimama haraka kununua karoti. Jina la soko halisemi mjinga ni yupi, na baada ya kulipa nilikuwa na hisia zangu. Baba hakushuka. Alikuwa ameshateremsha kioo, baridi yote ya Kinale ikaingia ndani.

Kupita Kimende miti ikaachia nafasi. Jua lilikuwa linaelekea Mau, na mwanga ulilala bapa kwenye sakafu ya bonde hivi kwamba kila kilima kilikuwa na kivuli kirefu kuliko chenyewe. Kasoko ya Longonot ilijaa giza hadi ukingoni. Wingu la asubuhi halikuwepo. Mimi niliyaona kwa sekunde zangu mbili mbili, magari yakinikimbilia pande zote, mabasi yanayotoka magharibi yakiwahi Nairobi kabla ya usiku.

"Mama," akasema kutoka nyuma. "Punguza."

Nikatazama dashibodi: 60. Nikanusa, hakuna kilichokuwa kinaungua. Mbele barabara ilikuwa tupu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Punguza tu."

Nikashuka hadi 40, kisha 30, nikasogea ukingoni mwa lami na kuwasha taa za hatari. Nyuma yetu lori likapiga honi ndefu. Baba alitoa mkono dirishani, bila kugeuka, akalipungia lipite.