Siku Tuliyofungua Mwamba wa Pweza, Pate

Hoja iliyokaribia kuvunja baraza usiku ule ilikuwa na uzito, na aliyeitoa alikuwa mvuvi hodari. Mwamba ulio mbele ya kijiji, upande wa nje wa kisiwa cha Pate, Lamu, ulikuwa umefungwa miezi mitatu usivuliwe pweza. Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ilikuwa inaingia na asubuhi yake ndiyo siku ya kuufungua. Kijana mmoja mpiga mbizi akasimama: "Mwalimu, nyinyi mwatwambia pweza jike akishaangua mayai hufa. Dume naye haishi sana baada ya kumpanda jike. Basi twamwachia nani? Akifa shimoni ni hasara, akifa mikononi mwetu ni chakula."

Watu wakaguna kumkubali. Na kuhusu maumbile ya pweza, hakukosea hata neno. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kitu. Jike huzaa mara moja tu. Huchagua shimo, huziba mlango kwa mawe kutoka ndani, hutundika mayai darini kama vishada vya mchele mwembamba, kisha hukaa nayo mwezi mzima akiyapuliza maji yasishikwe na uchafu. Muda wote huo hali kitu. Mayai yakianguliwa, naye amekwisha.

Nilimjibu kwa mfano wa samaki aitwaye samoni. Vijana kadhaa pale barazani walikuwa wamefanya kazi jikoni katika hoteli za Shela, wanaujua ule mnofu wa rangi ya chungwa unaoletwa na barafu. Yule wa hotelini aghalabu amefugwa kwenye vizimba. Niliyemtaka mimi ni wa mwituni, wa Bahari ya Pasifiki, kwa sababu yeye na pweza wana mwisho mmoja: akishataga mara moja hufa. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha huurudia mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, hufukia, na siku chache baadaye huelea mzoga.

Kwa hoja ya yule kijana, watu wa Alaska, jimbo la Marekani, wangesema: huyu si anakwenda kufa, basi tumtege mdomoni mwa mto tumalize. Na kumtega pale ni rahisi, kwa kuwa wote hupita mlango mmoja kwa wiki chache. Wao hesabu yao wanaianzia upande wa pili. Hawaulizi kwanza wavue wangapi, huuliza wangapi lazima wapite. Katika mito inayoingia Bristol Bay, ghuba ya huko Alaska, kuna minara kando ya maji, na mhesabuji hupanda juu akahesabu samaki wanaopanda mto kwa dakika kumi za kila saa, ukingo huu kisha ukingo ule, usiku na mchana. Hesabu ikizidishwa hupatikana idadi ya waliopita. Ikiwa chini ya lengo, uvuvi hufungwa hapo hapo. Ikitosha, hufunguliwa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana samoni wa huko bado wapo kwa mamilioni.

Kinyume chake kipo pia, na sikukificha. Katika jimbo la Idaho, huko huko Marekani, kuna ziwa liitwalo Redfish Lake, mbali na bahari zaidi ya kilomita 1,400. Kati yake na bahari mto umejengwa mabwawa manane makubwa. Mwaka 1992, samoni mwekundu aliyefika ziwani humo alikuwa mmoja, dume. Jike hata mmoja hakuonekana. Barazani palitulia kidogo hapo. Mvuvi hahitaji kufafanuliwa maana ya dume mmoja.

Kwa hiyo kufa kwa pweza baada ya kuzaa ndiko kunakomfanya aachwe. Changu au tewa ukimkosa mwaka huu atataga mwakani, na mwaka wa baada yake. Pweza jike uliyemchoma kabla hajataga hana mwakani.

Bibi mmoja mwokotaji, yaani mvuvi wa pweza kwa miguu maji yakipwa, ambaye tangu usichana wake anavua mwamba ule, ndiye aliyeiona tofauti kabla sijaitaja. "Samoni wako arudi kwao," akasema. "Wana wa pweza warudi wapi?" Swali lake ndilo kiini cha kazi nzima. Kitoto cha pweza kikianguliwa ni kidogo kuliko punje ya mchele, na huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla hakijashuka mwambani. Mayai ya Pate huenda yakawa pweza wa kisiwa jirani cha Kiwayu, na ya kwao yakawa yetu. Mwenye mto wa samoni akijinyima, faida humrudia mlangoni. Sisi tukifunga peke yetu miezi mitatu, tunachovuna sisi wenyewe ni uzito: waliokuwa wadogo wamekua. Mbegu ni ya pwani nzima. Ni faida mbili tofauti, na mtu akiahidi kwamba kufunga kwa miezi mitatu kutaujaza mwamba watoto wapya, anawadanganya wavuvi, nao watamjua mapema.

Asubuhi tulifuata maji yakipwa. Bamvua ya kwetu hukauka kwenye saa nne hadi saa tano, basi waokotaji waliingia mapema, wakafanya kazi kuelekea nje, na walipoona maji yanageuka wakarudi. Masharti ya kikundi yalikuwa machache: hakuna kuvunja jiwe, hakuna kumchukua anayeatamia, na wa chini ya nusu kilo aachwe.

Hilo la mwisho ni jepesi kulisema na gumu kulitimiza. Samaki wa mshipi akiwa mdogo unamtoa ndoana unamrudisha. Pweza ukishamchoma kwa nondo humjui ukubwa mpaka umtoe, na ukimtoa ameshakufa. Ndiyo sababu kwa pweza naamini kufunga eneo zaidi kuliko kupima uzito. Kipimo cha uzito kinafanya kazi kwa anayetumia kijiti tu. Bibi yule alikuwa nacho, chembamba, kimefungwa kitambaa chekundu nchani. Alikichezesha mlangoni mwa shimo taratibu. Mkono mmoja ukatoka ukakishika, wa pili ukafuata, na hapo akautazama unene wa mkono na jicho lililochungulia, akaamua. Alipoona mdogo alikivuta kijiti akapita. Mkubwa alimwacha ajitoe mwenyewe, akamdaka shingoni, akamgeuza kichwa ndani nje, kazi ikaisha bila jiwe kuguswa. Wenye nondo wanachimbua, na shimo lililovunjwa halipati mpangaji tena. Mashimo mazuri huvuliwa miaka na miaka, na wenyewe wanayajua moja moja.

Hatua chache mbele alisimama kwenye shimo lingine akaniita. Nje hapakuwa na ganda hata moja la kaa. Pweza anayekula huacha takataka mlangoni: magamba ya kaa, chaza zilizotobolewa, vingine bado vinang'aa. Hapa palikuwa pasafi, na mlango umezibwa kwa vijiwe vilivyopangwa kutoka ndani. Bibi akaondoa kimoja kwa vidole viwili. Jike alikuwa amejibana juu, rangi imemtoka, amekonda, mikono ameikunja kama pazia, na nyuma yake vishada vyeupe vikipepea kwa kila pumzi aliyoisukuma. Hakushambulia wala hakukimbia. Bibi akakirudisha kijiwe, akawaambia wajukuu zake waliokuwa nyuma wapite mbali.

Ufukweni tulitundika mizani kwenye mti na kila pweza akapimwa kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Tuliandika uzito na jinsia. Jinsia haihitaji kumpasua: hesabu mikono ya kulia kuanzia mbele, ushike wa tatu, tazama ncha. Kama vikombe vya kunasia vinaendelea mpaka mwisho, ni jike. Kama ncha ni laini kama kijiko kidogo, na ukingoni mwa mkono kuna mfereji, ni dume. Tunaandika kwa sababu orodha ikijaa madume wakubwa, huenda majike yamekwisha kuingia mashimoni kuatamia, na hiyo ni habari ya kupangia tarehe ya kufunga tena. Kabla ya kufunga, wengi waliokuwa wakiletwa walizungukia nusu kilo. Siku ile wa kilo moja na nusu hakuwa ajabu, na mkubwa kuliko wote alivuta kilo tatu na ushei.

Biashara ndiyo huua siku za kufungua. Kijiji kizima kikitoa pweza asubuhi moja, barafu haitoshi, na mnunuzi anayejua hivyo hushusha bei saa sita mchana. Safari hii bei ya kilo ilikubaliwa mbele ya wazee wiki moja kabla, na mnunuzi wa Amu, mji wa Lamu, akaleta masanduku na barafu kwa boti iliyowahi kupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulioko njiani, maji yakiwa bado juu. Ukichelewa pale ukakuta Mkanda umekauka, boti hungoja maji na barafu hugeuka maji.

Siku iliyofuata ikaja boti isiyo ya kwetu, na wapiga mbizi wenye miwani. Hawakugusa sehemu ya waokotaji. Walikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa nje, ambako maji hayakauki hata bamvua kubwa, wakachukua kila walichokiona, wadogo kwa wakubwa. Ukingo ule ndio ghala. Pweza wa kina hupanda mwambani akishapata nafasi, na ghala likishafagiliwa, mwamba wa juu hujaa polepole mno. Mizani ilituonyesha: kabla bamvua haijamalizika, uzito ulikuwa umeanza kushuka.

Kikao cha baada ya bamvua kilikuwa kifupi. Kanuni za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zinakipa kikundi nafasi ya kutunga sheria zake ndogo, lakini sheria ndogo ya kijiji kimoja mgeni haitambui mpaka iandikwe, ichorewe mipaka na ipitishwe na idara ya uvuvi. Tukaamua michoro ianze kwa ukingo wa nje, nao usifunguliwe kabisa. Mwamba wa juu ufungwe tena kwa miezi minne, na wazee wawili waende kwa majirani zetu wa kaskazini na kusini kuwaomba wafunge wakati mmoja na sisi. Yule kijana mpiga mbizi akajitolea kuweka maboya, kwa sababu ukingo ule anaujua kuliko sisi sote.