Nusu Kidonge

Paka wangu Shombo nilimwokota soko la samaki, na jina lake alikuja nalo. Jumatatu alirudi anachechemea mguu wa nyuma. Nikamfanyia kama ninavyojifanyia mwenyewe: nikachukua aspirini ya miligramu 300, nikaikata, nusu nikaisaga nikaichanganya na dagaa. Jumanne usiku nikammalizia nusu ya pili. Nililala nikijiona nina huruma kuliko watu wote mtaani.

Jumatano hakugusa chakula. Mchana akatapika mapovu yenye chembe nyeusi, kama unga wa kahawa unaobaki chini ya kikombe. Mwili unachoma, anahema kama mbwa aliyetoka mbioni. Sikujiuliza mara mbili: jirani! Wiki iliyopita alilalamika Shombo kamwibia samaki. Nikampigia shangazi simu, nikamsema yule mama mpaka salio likakata. Kabla halijakata, shangazi aliwahi kuniambia nimpe maziwa, yanakata sumu.

Daktari wa mifugo wa kwetu riziki yake ni kuku na ng'ombe, ila paka hamkatai. Nikamwambia kala sumu ya panya. Akaanza kutafuta sindano ya vitamini K. Akafunua mdomo, fizi zimepauka. "Dada, wewe mwenyewe hujampa dawa yoyote?" Nikasema hapana. Akaniuliza tena, polepole, bila kunitazama.

Nikasema.

Hakunigombeza. Akampima: kilo tatu. Maana yake miligramu 50 kwa kila kilo, mara mbili. Ini la paka, akanieleza, haliwezi kuivunja aspirini kama letu. Kwa mbwa nusu ya dawa huisha mwilini kwa saa nane au tisa hivi. Kwa paka ni karibu saa 40. Kwa hiyo nusu yangu ya pili iliikuta ya kwanza bado imekaa kitako. Dawa huchubua tumbo mpaka livuje damu, na damu yenyewe huzidi asidi, ndiyo maana ya kule kuhema. Hakuna dawa ya kuitengua. Kumtapisha na kumpa mkaa wa dawa unaonasa sumu tumboni hufaa saa za mwanzo, tena kwa mkono wa daktari, na sisi tulishachelewa. Ikabaki dripu na dawa za kulinda tumbo. Maziwa? Mnyama aliyelegea hivi ukimmiminia, yanaweza kwenda mapafuni.

"Basi siku nyingine nimpe parasetamo?"

"Hiyo ndiyo itamuua kabisa."

Alilala siku tatu juu ya khanga yangu, mguu umefungwa plasta, anakunya choo cheusi kama lami. Siku ya nne alilamba supu kidogo. Na kule kuchechemea, kumbe ulikuwa mwiba tu.

Jioni ile jirani akabisha hodi. Kasikia paka anaumwa, kaleta kichwa cha changu kimefungwa kwenye gazeti. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nikashindwa kuongeza neno.